Kikolezo: kipande cha DNA kinachoamua mkono uishie wapi

Jeni zinazojenga misuli zimo pia katika seli za ubongo, na zile za mifupa zimo ndani ya ini. Karibu kila seli ya mwili hubeba DNA ileile nzima. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimeamshwa, wakati gani na kwa nguvu kiasi gani. Mwaka 1987 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba jeni moja tu, MYOD, ikiamshwa ndani ya seli za tishu unganishi huzigeuza kuwa seli za misuli. Miaka 10 baadaye ikabainika kwamba panya asiye na jeni ya RUNX2 hupata kiunzi cha gegedu tupu, kisichogeuka mfupa.

Nani basi huziamsha? Kazi kubwa hufanywa na vipande vifupi vya DNA ambavyo vyenyewe havitengenezi protini. Protini za udhibiti hushikamana na kipande kama hicho, uzi wa DNA hujikunja, kipande kikaisogelea jeni yake na jeni ikafanya kazi kwa bidii zaidi. Kiingereza hukiita enhancer. Kwetu neno linalokuja haraka ni kichocheo, lakini wanakemia walishalichukua kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko. Swichi nayo huwasha na kuzima tu. Mimi napendelea kikolezo, kutokana na kukoleza: moto hukolezwa kwa kadiri, mahali pake na kwa wakati wake.

Kikolezo kilichochunguzwa kuliko vingi ni ZRS, chenye herufi 800 hivi za DNA. Kinahudumia jeni iitwayo Sonic hedgehog, yaani SHH. Jina hilo lilitokana na kalunguyeye wa mchezo wa kompyuta, kwa sababu mabuu ya nzi wenye hitilafu katika jeni ya jamii hiyo huota vijimiba mwilini. Ajabu ni kwamba ZRS iko umbali wa herufi kama milioni 1 kutoka kwa SHH, tena imejibanza ndani ya jeni nyingine kabisa.

Mkono wa binadamu huanza kama kichipukizi kidogo ubavuni mwa kiinitete, katika wiki ya nne. Mifupa yake hutokana na seli za kichipukizi chenyewe. Seli za misuli huhamia humo kutoka kandokando ya uti wa mgongo. Kwenye ukingo wa nyuma, upande kitakapoota kidole cha mwisho, ZRS huikoleza SHH. Protini yake husambaa, na wingi wake huchangia kuamua idadi na umbo la vidole. Panya aliyeondolewa ZRS hubaki na miguu iliyokatika mapema, hali viungo vingine vya mwili viko salama, kwa kuwa huko SHH ina vikolezo vingine.

Herufi moja ya ZRS ikibadilika, SHH yaweza kuwaka pia upande wa kidole gumba, na mtoto akazaliwa na kidole cha ziada hapo. Kile kidole cha sita kinachoota kando ya kidole cha mwisho, tunachokiona mara nyingi zaidi Afrika, kina visababishi vingine vya kijeni. Vyote viwili huanza tumboni, kwenye kichipukizi, na mzazi asikubali kuambiwa kwamba ni laana.

Mwaka 2016 watafiti wa California walimwekea panya ZRS ya samaki mahali pa yake. Miguu ikaota sawasawa. Walipoweka ya nyoka, miguu ikabaki vigutu. Kisha wakairekebisha ZRS ya chatu kwa kuirudishia herufi 17 zilizopotea katika ukoo wa nyoka, na panya wakapata miguu kamili. Chatu mwenyewe akiwa ndani ya yai huanza kuota miguu ya nyuma: SHH yake huwaka kwa muda mfupi, kisha hufifia. Kikolezo chake kipo, ila hakikolezi vya kutosha.