Majina ya Kazi na Heshima Yake

Kijana msomaji, tuanzie Rhonda, mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji la Nakuru. Ukiambiwa kuwa pale pana fundi wa kushona, au mwalimu, au mwenye duka, huwezi kujua kwa neno hilo tu kama mtu huyo ni mwanamume au ni mwanamke. Kiswahili chataja kazi kwanza. Habari za mtendaji waja kuzipata baadaye.

Kiingereza cha zamani hakikuwa hivyo. Waingereza walipokea kutoka Kifaransa kiambishi "-ess", wakakitia mwishoni mwa majina mengi ya kazi ili kumtambulisha mwanamke. Mshairi mwanamke akaitwa "poetess", na mwandishi "authoress". Yamkini wadhani kuwa hiyo ilikuwa alama tu isiyo na madhara. Lakini tazama maneno mawili ya shina moja. "Governor" alikuwa mtawala wa nchi. "Governess" naye, hapo kale, aliweza kuwa mwanamke atawalaye. Ila kadiri miaka ilivyopita neno lake lilishuka daraja, hata likabaki kuwa jina la mwanamke aliyeajiriwa kufundisha watoto nyumbani kwa wenye mali. Neno hilo liliingia Kenya kwa maana hiyo ndogo. Wakati wa ukoloni Gavana alikaa Nairobi, na mwenziwe wa jina alifundisha watoto wa baadhi ya walowezi mashambani.

Vivyo hivyo, "mayoress" kwa desturi alikuwa mke wa Meya. Basi mwaka 1965 Bi. Grace Onyango alipokuwa Meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini Kenya, jina hilo lisingemfaa. Maana yeye hakuwa mke wa Meya, alikuwa Meya mwenyewe. Mwaka 1969 wananchi wakamchagua kuingia Bungeni.

Je, tujisifu kwamba Kiswahili hakina kasoro hiyo? Tusifanye haraka. Neno "gavana" halikumfungia mwanamke mlango. Walakini kaunti zilipochagua magavana wa kwanza mwaka 2013, hakupatikana mwanamke hata mmoja. Mwaka 2017 wakachaguliwa watatu, na mwaka 2022 saba, mmoja wao Bi. Susan Kihika wa Nakuru. Mlango wa neno ulikuwa wazi siku zote. Waliochelewa kumpisha apitaye ni watu.

Nawe, msomaji, siku utakapoambiwa kuwa Rhonda imepata daktari mpya, jichunguze. Ni sura ya nani iliyokujia moyoni kabla hujamwona? Neno halikukuambia, wewe mwenyewe ndiwe uliyeamua.