Lukuchuko: Dau Huja Kabla ya Kurusha

Mcheza bao wa pwani huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata. Nyingine 22 zimo mkononi, na akizinamua, yaani akiziingiza ubaoni, ovyo, atalipa katika hatua ya pili, mtaji. Wacheza go wa Uchina na Japani wana ubao mtupu wenye makutano 361, na vitabu vizima vimeandikwa juu ya mawe ya kwanza tu.

Wahadzabe, wawindaji wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu nchini Tanzania, wana mchezo ambao mbinu kama hizo za kuanza hazina kazi. Unaitwa lukuchuko. Wanaume huchonga vipande vya duara vya gome la mti, kila mmoja chake, na kimoja zaidi kisicho cha mtu. Vyote hurushwa pamoja vigonge shina. Ambaye kipande chake kimelala upande ule ule wa kile cha ziada, na vya wenzake vikalala kinyume, ndiye mshindi. Ujanja gani wa kufungulia mchezo kama huo? Hakuna.

Mtafiti Mwingereza James Woodburn alifika kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950 na kukuta wanaume wakitumia muda mwingi wakicheza. Katika maandishi yake, hasa makala ya 1982, alitazama zaidi dau kuliko kurusha. Dau kubwa ni mshale wa sumu, ambao chuma chake huenda kilifuliwa na mhunzi wa Kidatoga, au ni msumari uliogongwa bila moto. Viko vya mawe navyo huwekwa, na mawe yake hayapatikani kila mahali. Basi kitu cha upande mmoja wa nchi yao hufika upande wa pili bila soko wala deni.

Upinde wa mtu hauwekwi. Mishale yake ya ndege hali kadhalika, na mfuko wake wa ngozi. Aliyepoteza vyote alivyoweka bado anaweza kuwinda kesho.

Wapo watakaosema ni kamari tu. Ni kamari kweli, lakini ya ajabu. Mshindi wa bao huondoka na sifa zake barazani. Mshindi wa lukuchuko hubembelezwa, husutwa na kusukumwa arushe tena, na tena, mpaka mishale imtoke.