Kwinidini: Ndugu wa Kwinini Aliyetuliza Mioyo na Kuisimamisha

Jumapili soko la Kibuye, mjini Kisumu, hufurika hadi barabarani. Mitumba kwa milima, omena kwa magunia, na pembeni, juu ya vipande vya turubai, wauza miti shamba na magome yao yaliyokaushwa. Ukilalamika homa, utaelekezwa kwenye gome chungu kuliko yote. Mkazi wa ufuo wa Ziwa Victoria hana haja ya kufundishwa kwamba dawa ya malaria ni chungu. Waliokulia Kisumu miaka ya zamani wanaikumbuka kwinini: kichwa kikigonga, masikio yakivuma, mtu akikuita mara mbili ndipo umsikie.

Wasichojua wengi ni kwamba gome lililotupa kwinini lilitoa pia dawa ya moyo. Gome hilo ni la msinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kwinini kutoka humo. Mwaka 1853 Louis Pasteur alikipa jina la kwinidini kiini kingine cha gome hilo hilo. Wakoloni walipofika kwetu walikuja na mti wenyewe: Wajerumani waliupanda Amani, Usambara, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1902, na huko Kivu ulistawi hata Bukavu ikawa na kiwanda cha kwinini, Pharmakina. Reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, Desemba 1901, mzungu aliyeshuka bila kwinini mkobani alikuwa anacheza na maisha yake.

Habari ya moyo ilitoka kwa mgonjwa. Mwaka 1912 mfanyabiashara wa Kiholanzi alimwendea daktari Karel Wenckebach, bingwa wa mapigo ya moyo wa zama hizo. Moyo wake ulikuwa ukipiga ovyo, na daktari akamwambia wazi kuwa hana la kumfanyia. Yule bwana akajibu kwamba yeye huutuliza mwenyewe kwa kwinini, dawa aliyoizoea kwa ajili ya homa. Wenckebach hakuamini. Kesho yake asubuhi mtu huyo alirudi na mapigo yaliyonyooka, baada ya kumeza gramu moja. Wenckebach, na hili ndilo linalonifanya nimheshimu, aliyaandika yote kitabuni 1914 bila kuficha kwamba aliyemfundisha ni mgonjwa. Miaka minne baadaye, mjini Berlin, Walter Frey alilinganisha viini vya gome hilo na kukuta kwinidini ndiyo yenye nguvu zaidi kwa moyo.

Ajabu ni kwamba dawa hizi mbili zina atomu zile zile kwa idadi ile ile: kaboni 20, hidrojeni 24, naitrojeni 2 na oksijeni 2. Tofauti iko kwenye kaboni mbili tu, ambako viungo vyake vimeelekea upande mwingine. Kugeuka huko kunatosha kuifanya kwinidini iushike moyo kwa nguvu kuliko kwinini. Hata vimelea vya malaria inaviua vizuri zaidi. Ndani ya moyo huziba vijia ambamo sodiamu huingia kwenye seli, basi umeme wa moyo husafiri polepole na vurugu hupungua. Shida ni kwamba huziba pia vijia vya potasiamu. Seli huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, na kwenye kipimo cha umeme wa moyo, ECG, nafasi kati ya alama ya Q na ya T hurefuka. Ikirefuka kupita kiasi, vyumba vya chini vya moyo vinaweza kuanza kupapatika, damu isiende popote.

Madaktari waliwaandikia wagonjwa kwinidini kwa miongo mingi kabla ya kulielewa hilo. Mwaka 1964 Selzer na Wray walieleza wagonjwa waliokuwa wakizirai ghafla katikati ya matibabu, na chanzo kilikuwa dawa yenyewe. Mwaka 1978 ikajulikana kwamba ukiichanganya na digoksini, dawa nyingine ya moyo, kiwango cha digoksini mwilini hupanda sana. Pigo kubwa lilikuja 1990, Coplen na wenzake walipojumlisha majaribio sita yenye wagonjwa 808. Baada ya mwaka mmoja, nusu ya waliopewa kwinidini walikuwa bado na mapigo sawa, dhidi ya robo ya wasiopewa. Lakini waliokufa walikuwa asilimia 2.9 dhidi ya 0.8. Dawa ilinyoosha mapigo na kuongeza vifo. Leo imebaki kwa magonjwa machache adimu ya umeme wa moyo, kama ugonjwa wa Brugada, na uchunguzi uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba kati ya nchi 131 ni 19 tu ambako ilipatikana kwa urahisi.

Kwetu ziwani, kati ya ndugu hawa wawili, kwinini ndiyo iliyobaki wodini, na tahadhari yake ni ile ile. Haisukumwi mshipani kwa bomba la sindano. Huwekwa kwenye maji yenye sukari na kudondoka kwa saa kadhaa, kwa sababu ikienda haraka hushusha presha na kuvuruga moyo. Sukari ni kwa kuwa kwinini yenyewe huishusha, hasa kwa wajawazito. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo, ulionyesha vifo asilimia 10.9 kwa kwinini na 8.5 kwa atesuneti, dawa nyingine ya malaria. Tangu hapo atesuneti ndiyo sindano ya kwanza kwa malaria kali.

Habari haijaishia hapo. Halfan, dawa ya malaria iliyouzwa Afrika miaka ya 1990, ilirefusha nafasi ile ile ya Q na T hadi ikaogopwa. Piperakwini, iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya malaria vya siku hizi, huirefusha pia kwa kiasi, zaidi ikimezwa pamoja na chakula cha mafuta. Kwa mwenye moyo mzima si jambo la kutisha. Kwa kijana ambaye homa ya baridi yabisi iliharibu vali zake, na ambaye tayari anameza digoksini, ni jambo la kuuliza. Basi ukienda duka la dawa, pale Kibuye au kwingine, pima malaria kwanza, na umtajie mfamasia kila dawa ya moyo unayotumia kabla hajakukabidhi vidonge.