Kumbukumbu Isiyo na "Mimi": Bahari, Shehena na Ushairi wa Clipping

Mwezi Machi 2025 kundi la clipping. la mjini Los Angeles, Marekani, lilitoa albamu iitwayo Dead Channel Sky. Kundi hili ni la watu watatu. Daveed Diggs ndiye mtunzi wa maneno na mfokaji. William Hutson na Jonathan Snipes ndio watengenezaji wa sauti. Jina lao, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo na kumalizikia kwa nukta, limetoka katika lugha ya mafundi mitambo: ni ule mkwaruzo utokeao pale sauti inapozidi uwezo wa chombo, ncha zake zikakatika. Tangu walipoanza mwaka 2009 wameifanya kasoro hiyo kuwa ala yao. Pale ambapo msikilizaji wa muziki wa kufokafoka hutarajia ngoma, wao huweka mlio wa chuma, mvumo wa umeme, au kimya.

Albamu hiyo imejengwa kwa milio ya kompyuta na ya muziki wa dansi wa kielektroniki uliovuma katika miaka ya 1990. Maneno yanakwenda kwa kasi ya kumchosha hata mwenye kuijua lugha yake, na nyimbo nyingine zimekatwa fupi mno, mithili ya barua iliyochanwa katikati. Ni kazi nzuri. Hata hivyo, mtu akiisikia peke yake anaweza kuidhania kuwa ni mchezo wa mitambo tu. Muziki ule wa kielektroniki una nasaba, na tawi moja la nasaba hiyo linakwenda hadi chini ya bahari. Huko ndiko clipping. walikozamia miaka michache kabla, na huko ndiko ninakotaka kumpeleka msomaji wa jarida hili, kwa kuwa sisi watu wa visiwani tuna hisa katika habari hiyo.

Hapana budi kwanza kutaja kanuni moja ya utunzi wa Diggs. Katika kazi za kundi hili hukwepa kutumia nafsi ya kwanza umoja. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Muziki wa kufokafoka umesimama juu ya "mimi": mimi niliyetoka mtaa fulani, mimi niliyepita shida fulani, mimi nisiyeshindika. Ni majigambo, na sisi tunayajua majigambo. Fumo Liyongo ametuachia mengi. Diggs ameung'oa mhimili huo, kisha akaiacha nyumba isimame. Anayesimulia haonekani, wanaoonekana ni wale wanaosimuliwa.

Kanuni hiyo ilipata kazi yake hasa mwaka 2016, katika albamu ya Splendor & Misery. Hiki ni kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chombo cha angani kimebeba watumwa, watumwa wanaasi, anabaki hai mmoja tu, ambaye katika daftari la chombo hana jina ila ni shehena nambari 2331. Kompyuta inayoendesha chombo inamwangalia, inamsikiliza akiimba na kufoka peke yake, na mwishowe inampenda. Baina ya milio ya mitambo huzuka sauti za watu zikiimba kwa namna ya nyimbo za kiroho za Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya Marekani. Mwishoni msafiri huyo hana kwao pa kurejea, naye anachagua kwenda mbele, asikokujua. Albamu hiyo ilipendekezwa mwaka 2017 kwa tuzo ya Hugo, ambayo kwa desturi ni ya waandishi wa hadithi za kisayansi.

Neno la kushika hapo ni shehena. Halikubuniwa na washairi. Liliandikwa na makarani.

Mwaka 1781 meli iitwayo Zong, mali ya matajiri wa Liverpool, iling'oa nanga pwani ya Afrika Magharibi ikiwa na Waafrika 442, idadi iliyozidi mno ukubwa wa meli yenyewe. Ikielekea Jamaica, wenye kuiongoza walikosea njia wakakipita kisiwa walichokusudia. Kuanzia tarehe 29 Novemba, kwa madai kwamba maji ya kunywa hayatoshi, mabaharia waliwatupa baharini watu wakiwa hai, kwa mafungu, siku baada ya siku. Waliouawa walizidi 120. Wengine walijirusha wenyewe kabla ya kushikwa. Meli ilipofika Jamaica mwezi Desemba ilikuwa na watumwa 208.

Kilichofuata hakikuwa kesi ya mauaji. Matajiri walidai bima: pauni 30 kwa kila kichwa. Wenye bima walikataa kulipa, shauri likafika mahakamani London mwaka 1783, na baraza la wazee wa mahakama likawapa matajiri haki. Shauri lilipoletwa tena mbele ya Jaji Mkuu, Lord Mansfield, alieleza kwamba wazee hao wa mahakama walilichukulia jambo lenyewe kana kwamba waliotupwa ni farasi. Aliamuru lisikilizwe upya, kwa hoja za bima na za maji. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, ndiye aliyempelekea habari mpinga utumwa Granville Sharp, naye Sharp akajaribu kuwashitaki wahusika kwa mauaji. Hakuna aliyehukumiwa.

Basi hayo ndiyo tuliyoachiwa na kumbukumbu za maandishi: hesabu ya vichwa, bei ya kila kimoja, na majina ya wenye mali. Majina ya waliozama hayamo. Karani hakuyasahau, hakuyahitaji.

Miaka zaidi ya 200 ikapita. Mjini Detroit vijana wawili weusi, James Stinson na Gerald Donald, walikuwa wakipiga muziki wa kielektroniki kwa jina la Drexciya, muziki ambao kwa sehemu kubwa hauna maneno. Walijificha, wala hawakutaka sura zao zijulikane. Mwaka 1997 walitoa mkusanyiko uitwao The Quest, na katika jalada lake mlikuwa na maelezo mafupi yenye swali la kutisha. Mtoto aliyemo tumboni mwa mama yake huishi majini bila ya kuvuta pumzi. Je, watoto wa wale wanawake waja wazito waliotupwa kutoka katika meli za watumwa hawangeweza kuzaliwa humo humo baharini, wakaishi, wakajenga taifa? Stinson alifariki mwaka 2002, lakini swali lake halikufa.

Mwaka 2017 kipindi cha redio cha This American Life kiliwaomba clipping. wimbo, nao wakatunga The Deep. Wameitwaa hekaya ya Drexciya wakaitia maneno. Taifa la chini ya maji limeishi kwa amani, limesahau lilikotoka. Kisha watu wa juu wanaanza kuipasua sakafu ya bahari wakitafuta mafuta, na kumbukumbu inaamka pamoja na hasira. Mwendo wa wimbo huzidi kadiri kisa kinavyoendelea, kama maji yanayopanda. Kiitikio hakisemi "mimi" wala hakisemi "sisi". Kinawageukia wengi, nafsi ya pili wingi, na kinataja kukumbuka.

Mimi ni mfasiri, na ufasiri nimejifunza kwa kuufanya. Kiitikio hicho kimenikalisha siku nyingi. Maneno yake mawili ya Kiingereza yanaweza kuwa swali, yanaweza kuwa amri, yanaweza kuwa taarifa. Mwimbaji hakuamua, na kutoamua kwake ndiko kunakokipa nguvu. Kiswahili hakikubali upole huo. Sharti uchague: ama unauliza kama wanakumbuka, ama unawaambia kumbukeni. Tena nafsi kwetu haijitengi na kitendo. Imekaa ndani ya kitenzi, na ukiing'oa kitenzi kinaanguka. Lakini lugha yetu ina mlango mmoja. Ni hu- ya mazoea: mimi hukumbuka, wewe hukumbuka, wao hukumbuka. Kitenzi kinasimama bila ya kumtaja mtendaji, na kitendo hakina mwanzo wala mwisho. "Hukumbuka." Nani? Yeyote asikiaye. Nikiufasiri wimbo huo kwa ukamilifu siku moja, nitaingilia mlango huo.

Wako watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kwamba kuwapa waliouawa kizazi cha kubuni ni kuifuta maiti kwa hadithi tamu. Kwamba waliotupwa kutoka Zong hawakugeuka samaki, walikufa, na heshima ya mwisho tunayoweza kuwapa ni kulisema hilo bila ya kulipamba. Nami nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Lakini The Deep hauliwazi. Watu wake wanapanda juu kwa vita, si kwa ngoma ya furaha. Na kisa hicho kilipopokelewa na mwandishi wa riwaya Rivers Solomon, katika kitabu chenye jina lile lile cha mwaka 2019, ladha yake ilizidi kuwa chungu. Taifa la chini ya maji linaitwa wajinru. Sikio la Mswahili haliwezi kulipita jina hilo bila ya kusimama, kwa ile wa- ya mwanzo. Wajinru wameshindwa kuibeba kumbukumbu ya mama zao, wakamtwika mmoja wao, Yetu, aibebe kwa niaba ya wote. Mara moja kwa mwaka huwarudishia kwa muda mfupi, kisha huichukua tena. Mzigo huo unamuua. Solomon anauliza swali ambalo wapenzi wengi wa historia hulikwepa: tunapojengewa sanamu na makumbusho, je, tumekumbuka, au tumepata tu wa kumtwika?

Hapo ndipo mashua yetu inapogusa nchi kavu ya Unguja.

Mkunazini tunayo sanamu: watu watano wa zege ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Iko jirani na kanisa kuu lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873. Watalii hushuka, hutazama, hupiga picha. Sanamu inabeba mzigo wake. Lakini ushairi wetu, je?

Tuliyonayo katika maandishi yetu ni haya. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ametuachia kwa Kiswahili habari za maisha yake, mojawapo ya tawasifu za mwanzo za lugha hii. Ni nathari kavu, yenye nguvu, na "mimi" wake ni "mimi" wa mfanyabiashara: alikwenda, alinunua, alipigana, alipata. Waliobeba pembe zake wamo humo kama idadi. Kwa upande wa pili wako vijana wa Kiungani, waliokombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari wa Kianglikana hapa kisiwani. Wao waliziandika habari zao wenyewe, jinsi walivyotekwa na njia walizopitishwa. A. C. Madan alizifasiri, zikachapishwa London mwaka 1887, kwa Kiingereza. Yaani sauti ya bwana imetufikia kwa Kiswahili, na sauti ya mtoto aliyetekwa imetufikia ikiwa imevuka bahari na kuvuliwa lugha yake. Mfasiri hawezi kulisoma hilo akalala vizuri.

Nao washairi wakubwa wa kale waliomboleza, tena kwa ufasaha usio kifani, lakini macho yao yalitazama sebule. Al-Inkishafi inaililia Pate na majumba yake yaliyogeuka magofu, nasi tunalia pamoja nayo. Waliochonga mawe ya majumba yale, na waliovushwa kwa majahazi kutoka Kilwa Kivinje kuja Unguja wasifike, bado wanangoja wa kuwalilia kwa mizani.

Sisemi kwamba tuwaige Wamarekani. Bahari ya Hindi si Atlantiki, utumwa wa huku ulikuwa na sura zake, na wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana huku wamechanganyika katika nyumba moja, pengine katika mwili mmoja. Hiyo ndiyo sababu neno "mimi" ni gumu zaidi kwetu: anayesimama kusema "mimi" katika habari hii hajui ni babu yupi anayesema kwa kinywa chake. Somo la clipping. kwa mshairi wa Kiswahili ni hilo. Liache "mimi". Usijitwalie mateso usiyoyapata, wala usijitenge na mali uliyoirithi. Waite wasikilizaji kwa wingi wao, uwaachie swali.

Vyombo vya kazi hiyo tunavyo. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, na kile cha mwisho kina kina kisichobadilika hata tungo ikifika beti elfu; beti hupita, kina hicho hubaki, kama wimbi linalorudi ufukweni pale pale. Na aina za tungo zetu, waliotutangulia waliziita bahari. Wahenga nao walisema bahari haishi zinge. Aliye na masikio na aiendee bahari hiyo, asikilize nani anafoka chini yake.