Kukingama

Ng'ombe wakisimama katikati ya barabara ya Namanga pale Kitengela, utingo husema wamekingama. Hawaendi Nairobi wala Kajiado. Wamekata njia tu. Neno hilo ndilo ningempa mwanafizikia anayetafuta Kiswahili cha mwendo wa kwaki ndani ya protoni.

Protoni ikirushwa mashineni kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, kwaki na gluoni, chembe zinazoiunda, huenda nayo, lakini kila moja huyumba kidogo pembeni. Huo ndio mwendo wa kukingama. Si jambo dogo: mwaka 1988 majaribio ya CERN yalionyesha kwamba mzunguko wa kwaki (ningependa kusema “upia”, kwa ile pia ya watoto, ingawa kwaki si pia) hautoshi kueleza mzunguko wa protoni nzima. Leo mchango wa kwaki hukadiriwa kuwa kama asilimia 30. Salio hutafutwa kwenye gluoni na katika jinsi kwaki na gluoni zinavyozungukazunguka humo ndani, na kukingama kwa chembe hizo ni mojawapo ya dalili.

Mwanafunzi wa Kajiado, awe katika shule ya Laiser Hill au kwingineko, husoma fizikia kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili, mwongezee neno hili moja.