Wazee wa Kaya na Msitu Uliolindwa kwa Miiko

Agosti 1914, siku zile zile Uingereza ilipokuwa ikiingia vitani na Ujerumani, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuichoma moto. Hapo ndipo Wagiriama walipokuwa wakikutania tangu enzi za mababu, ndani ya msitu ulioko katika kaunti ya Kilifi ya leo, pwani ya Kenya. Kosa la kaya hiyo lilikuwa kiapo. Mwaka mmoja kabla, mjane mmoja aitwaye Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu hapo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi, kwamba hakuna atakayelipa kodi ya Mzungu wala kumtoa kijana wake akafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mekatilili na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakakamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu.

Wakoloni walijua wanachokipiga. Bila kaya, wazee hawakuwa na pa kuketi kuamua, kuapisha na kufundisha.

Kaya ni kijiji cha kale kilichozungushiwa msitu mnene. Masimulizi ya Wamijikenda yanasema walitoka Shungwaya, kaskazini, wakashuka wakikimbia maadui, kila kabila likajificha kwenye kaya yake: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Njia ya kuingia ilikuwa nyembamba, na fingo, yaani dawa ya kinga waliyotoka nayo Shungwaya, ilizikwa ndani. Katikati palikuwa na moro, mahali pa baraza la wazee linaloitwa kambi. Vita vilipopungua watu walianza kutoka kwenda kulima na kufuga, na kufikia miaka ya 1940 kaya hazikuwa tena na wakazi. Zilibaki na makaburi, na wazee waliorudi kuomba mvua na kutambikia.

Hapo ndipo pana ajabu ambayo, kwa maoni yangu, hatujaipa heshima yake. Kwa miongo mingi hakukuwa na askari wa misitu aliyelinda kaya, wala ua, wala bango. Kote Pwani misitu ilifyekwa kupisha mashamba, lakini misitu ya kaya ilibaki na miti yake, mibambakofi na mivule iliyowazidi umri wajukuu wa waliozikwa chini yake. Kilichoilinda ni miiko, na miiko haina nguvu asipokuwepo wa kuifundisha.

Nenda Kaya Kinondo, karibu na Diani, ambako Wadigo wamewafungulia wageni sehemu ya msitu, uone inavyofundishwa. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Haruhusiwi kubusu mtu humo ndani. Haruhusiwi kuokota chochote, hata jani lililokwisha kuanguka. Anayemwongoza humwonyesha mti mmoja mmoja, jina lake na ugonjwa unaotibiwa na magome au mizizi yake. Kwa mtoto wa Kidigo somo hili ni zito zaidi, maana katika matembezi hayo hayo anajifunza msamiati wa lugha yake, mipaka ya ukoo wake na adabu za kuishi na msitu. Akikata mti, kwao kuna faini ya mifugo na tambiko la kutakasa. Huwezi kulichomoa moja kati ya hayo ukabaki na mengine.

Sheria ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke walizipitia kaya na kukuta mimea adimu, na kuanzia 1992 serikali ikaanza kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata ikaziorodhesha mila zenyewe za kaya miongoni mwa urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Orodha hiyo ya pili ndiyo inayonisumbua. Inatuambia kwamba msitu unaweza kusalia na cheti chake huku maarifa yaliyoulinda yakipotea.

Na yanapotea kwa njia ya kutisha. Kilifi imezoea habari za wazee kuuawa wakituhumiwa uchawi. Mvi na ujuzi wa dawa vimegeuzwa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba la urithi. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia vijana wa nyumba zao wenyewe. Mzee aliyejificha hawezi kumtembeza mjukuu msituni, na mjukuu aliyeambiwa kwamba babu yake ni mchawi hatataka kujua jina la mti wowote.

Lakini njia ya kuyaokoa maarifa hayo ipo: mtaala wa Kenya una nafasi ya lugha za kiasili katika madarasa ya chini. Baadhi ya shule ziko karibu na kaya. Mwalimu wa Kigiriama, wa Kidigo au wa Kiduruma angeweza kumwomba mzee wa kambi aje mara moja kwa wiki, kwa malipo, awafundishe watoto mbele ya wazazi wao, mchana kweupe. Kaunti zenye bajeti ya utamaduni zianzie hapo, kabla ya sherehe nyingine yoyote.