Historia ya Mkojo Mwekundu

Nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka 39, na kila mwaka nilichora figo ubaoni. Nilichora maharage mawili makubwa, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kutoka katika kila moja niliteremsha mrija mwembamba, na chini kabisa nikaweka mfuko ambao ni kibofu cha mkojo. Watoto walinakili, mimi nikasahihisha, tukaendelea na somo la moyo. Mchoro ule haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa, maana ndani yake mna historia ndefu kuliko umri wangu.

Tangu nistaafu naishi Buhare, Musoma, lakini nilizaliwa Usukuma mwaka 1949, bara, mbali na ziwa. Madimbwi na majaruba ya mpunga yalikuwako tangu zamani. Kisha, kuanzia mwaka 1947, serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na malambo mengi yakachimbwa ili watu na ng'ombe wapate maji wakati wa kiangazi. Lambo la kwetu lilikuwa baraka. Mama zetu waliacha kuamka alfajiri kufuata maji ya mbali, na sisi wachunga ng'ombe tulipata mahali pa kuogelea mchana kutwa. Hakuna aliyetilia maanani konokono wadogo walioshikamana na majani ya kandokando.

Kaka yangu alinitangulia kwa miaka mitatu. Yeye ndiye aliyeanza kukojoa damu. Wakubwa walicheka, wakasema kijana sasa amekua. Sisi wadogo tulisimama mstari kwenye kichuguu tukishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi, nami nilimwonea kaka wivu mpaka zamu yangu ilipofika. Nyumbani hatukusema neno. Mambo ya mkojo hayakuzungumzwa mbele ya wazazi.

Baadaye nilijifunza kwamba ujinga wetu ulikuwa na wenzake wengi duniani. Mwaka 1910 mtaalamu Marc Armand Ruffer alitangaza kwamba amekuta mayai ya mdudu wa kichocho ndani ya figo za maiti mbili za Misri zilizokaushwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mdudu mwenyewe alikuwa ameonekana mwaka 1851, pale daktari Mjerumani Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alipompata katika mishipa ya damu ya maiti. Ikabaki kujua mdudu huyo anamwingiaje mtu. Jibu lilikamilika Misri mwaka 1915, Robert Leiper alipoonyesha kwamba ni lazima apitie kwanza kwa konokono wa majini. Kwa hiyo tangu wafalme wa Misri hadi kufahamika kwa konokono yule ilipita miaka elfu tatu, na tangu hapo hadi mimi kusimama juu ya kichuguu ilipita miaka arobaini na kitu tu. Elimu ilikuwapo. Ilikuwa bado haijafika lamboni.

Sasa niruhusu, msomaji wangu, nishike chaki kidogo. Figo moja ya mtu mzima ina uzito wa gramu 150 hivi, na ndani yake mna vichujio vidogo sana vinavyoitwa nefroni, vipatavyo milioni moja. Figo zote mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, pamoja na sukari na chumvi inayohitajika. Taka na maji ya ziada, lita moja na nusu hivi, ndiyo mkojo. Unateremka katika mirija miwili yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, tone kwa tone, ukikusanyika kibofuni. Kazi hii haikomi hata tukilala, na haitaki kitu kingine ila njia iwe wazi.

Mdudu wa kichocho cha mkojo huharibu ile njia. Vijidudu vyenye mkia hutoka kwa konokono hasa jua linapokuwa kali, wakati ule ule watoto wanapopenda kuoga, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Wakishakomaa huishi wawili wawili, dume na jike, katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba. Mengine hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo ile damu. Mengine hubaki yamenasa katika kibofu na katika mirija, na mwili huyazungushia kovu. Wadudu huweza kufa baada ya miaka na damu ikakoma. Kovu halikomi.

Hilo la mwisho sikulijua kwa wakati.

Mwaka 1961 niliingia shule ya kati. Mganga wa zahanati alitupima mkojo, na wengi wetu tukachomwa sindano kwa wiki kadhaa. Zilikuwa za antimoni, dawa iliyokuwa ikitumika tangu mwaka 1918 ilipojaribiwa Sudan, nayo ilikuwa kali. Tulitapika, tukakohoa, tukamchukia yule mganga. Kaka hakuwa nasi. Baba alikuwa na ada ya mtoto mmoja na ng'ombe wa kuchungwa, naye kaka akabaki na ng'ombe. Tulioga lambo moja, tukakojoa damu juu ya kichuguu kimoja, lakini sindano ilimfikia aliyekuwa darasani tu.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji cha jirani na kwetu. Ndiyo mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo wenzangu wa rika langu wanaikumbuka vizuri. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili, katika vikundi karibu 75,000, walikaa kusikiliza Radio Tanzania, kusoma vijitabu na kujadili malaria, minyoo, kuhara, kifua kikuu na kichocho. Walichimba vyoo, walifyeka majani, walifukia madimbwi. Sijaona darasa lingine kubwa kama lile katika nchi hii. Mimi niliongoza kikundi kimoja chini ya mwembe, na kaka, ambaye hakujua kusoma, alikuja kila wiki na kuketi mbele.

Siku ya kichocho nilisoma vizuri. Tulikubaliana kutokojoa majini, kujenga vyoo, na kuwapeleka zahanati watoto wenye mkojo mwekundu. Watu walipotawanyika kaka alibaki akikung'uta vumbi la suruali.

"Mwalimu," aliniambia, maana tangu nipate kazi hakuniita jina tena, "mimi ule wa kwangu ulikoma zamani. Nimepona?"

"Ukishakoma umepona, kaka," nilimjibu.

Nilimjibu haraka, kama mtu anayejua. Sikufikiri kumpeleka apimwe. Nilikuwa naona haya kumwuliza mkubwa wangu habari za mkojo wake, na nadhani yeye aliona haya kuuliza mara ya pili.

Mwaka 1992 alivimba miguu, kisha uso. Chakula kilimshinda, ngozi ikamwasha usiku kucha. Hospitalini daktari kijana alinieleza kwa kunichorea kwenye kipande cha karatasi. Alichora maharage mawili, mirija miwili na mfuko chini. Ulikuwa mchoro wangu. Ila yeye alikaza kalamu pale mirija inapoingia kibofuni, akaweka alama nyeusi, akasema hapa pamekazwa na makovu ya zamani. Mkojo umerudi nyuma miaka mingi, figo zimetanuka na kufa polepole. Akaniuliza kama mgonjwa aliwahi kuugua kichocho utotoni.

Mashine ya kusafisha damu ilikuwapo duniani tangu mwaka 1943, Mholanzi Willem Kolff alipoiunda, lakini kwa familia ya wakulima kama yetu ilikuwa mbali kama mwezi. Kaka alifariki baada ya wiki sita. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini yeye hakuficha. Aliuliza, na aliyeulizwa ndiye aliyefunika.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Mwezi wa Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, na mwaka uliofuata ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ni mambo ya kujivunia. Hata hivyo mimi hufurahia zaidi vidonge vya prazikwanteli, dawa iliyogunduliwa katika miaka ya 1970, ambavyo watoto hupewa shuleni wakipimwa kwa kijiti cha urefu ili kujua idadi ya kumeza. Kidonge kikimezwa mapema, kovu halipati nafasi kubwa.

Hapa Musoma kichocho cha ziwani ni kile cha tumbo zaidi, kinachodhuru ini, lakini konokono na aibu ni vile vile. Wajukuu wangu wakirudi kuogelea nawauliza choo kikoje na mkojo una rangi gani. Mkubwa wao hunung'unika: "Babu, mbona unauliza mambo ya chooni?" Namwambia akae. Namchorea mchangani maharage mawili, mirija na mfuko, kisha naongeza kitu ambacho hakikuwamo ubaoni kwangu miaka ile yote: alama mbili nyeusi, pale mirija inapoingia kibofuni. Halafu namweleza habari za babu yake mkubwa, aliyeketi mbele chini ya mwembe.